KUPASULIWA MTOTO WA JICHO, NA YATOKEAYO BAADAYE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama katika Mkutano wa Mwezi)



Halmashauri imeniomba niseme juu ya magonjwa ya macho. Muda niliopewa hautoshi kuyataja yote, nami nimechagua moja tu, yaani mtoto wa jicho na kupasuliwa kwake, na hasa yale yatokeayo baada ya kisu kuwekwa chini. Nimechagua hivyo kwa sababu barua alizoletewa Katibu karibu zote zauliza neno moja: je, ni kweli kwamba mtu huenda kupasuliwa akatoka kipofu? Mwenye kuuliza hivyo hastahili kuchekwa. Karani hula kwa macho yake kama seremala alavyo kwa mikono yake, na mwenye chombo kimoja tu cha kazi hana budi kuuliza mengi kabla ya kumpa mtu mwingine akitengeneze.

Jibu nitalitoa mapema. Yatokea, lakini ni mara chache, na mara nyingi sababu yake yajulikana na ingaliweza kuzuiwa. Taabu ni kwamba sababu hizo ni za namna mbalimbali, na watu huzichanganya zote wakaziita mkono mbaya wa daktari. Ndiyo maana nataka kuzitenga moja moja.

Kwanza tujue kinachopasuliwa. Nyuma ya mboni ya jicho pana kioo kidogo kilicho hai, chenye umbo kama la dengu, nacho kimo ndani ya kifuko chembamba mno. Kioo hicho huitwa lenzi. Uzee hukitia ukungu. Kadhalika ugonjwa wa kisukari, pigo la jicho, na dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa siku nyingi. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Haukuota juu ya jicho kama ngozi, wala hapana dawa ya matone iwezayo kuuyeyusha, ijapokuwa sokoni huuzwa chupa nyingi zenye kudai hivyo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 94 hawaoni vizuri kwa sababu yake. Dawa ni kuitoa lenzi iliyochafuka, basi.

Watu wa kale walijua kwamba kosa lilikuwa nyuma ya mboni, lakini hawakujua kulitoa. Mganga alichukua sindano akaisukuma lenzi ikaanguka chini ndani ya jicho. Mgonjwa aliona nuru papo hapo, watu wakapiga vigelegele, ujira ukalipwa, na mganga akashika njia kwenda mji mwingine. Baada ya majuma au miezi jicho likavimba, likajaa maji yenye kushindilia, likafa. Wakati huo mganga hayupo tena kuulizwa. Mwaka 1750 mwanamuziki mkubwa wa Ujerumani, Johann Sebastian Bach, alipasuliwa mara mbili mjini Leipzig na tabibu mtembezi Mwingereza aitwaye John Taylor. Akapofuka kabisa, afya yake ikavunjika, na mwezi wa Julai mwaka ule ule akafa. Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya kale tu. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Nigeria kati ya mwaka 2005 na 2007 ulikuta kwamba katika macho yaliyotendewa kazi kwa ajili ya mtoto wa jicho, yapata manne katika kila kumi yalikuwa yamechokolewa kwa sindano namna hiyo, na mengi ya macho hayo yalikuwa yamepofuka.

Naomba tuliangalie jambo hili kwa makini, kwa kuwa maneno yangu yaliyobaki yasimama juu yake. Mganga wa sindano alihukumiwa kwa yale aliyoyaona mgonjwa siku ile ile. Angalihukumiwa kwa yale aliyoyaona mgonjwa baada ya majuma manane, kazi yake ingalikwisha zamani.

Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel alianza kuitoa lenzi nje ya jicho badala ya kuisukuma ndani. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, ila jicho lililotolewa lenzi lilibaki bila nguvu ya kukusanya nuru, na mgonjwa alilazimika kuvaa miwani mizito kama vitako vya chupa maisha yake yote. Miwani ikipotea au ikivunjika, alirudi gizani. Wengi wetu tumewaona wazee wa namna hiyo, maana njia hii ilidumu katika nchi zetu hata miaka ya 1990.

Aliyebadili mambo ni daktari Harold Ridley wa London. Wakati wa Vita ya Pili alitumwa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, naye huko aliandika habari za upofu wa mtoni uletwao na visubi. Aliporudi alitafakari jambo lililoonekana kwa marubani wa vita: vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwao vilikaa kimya, bila kuleta uvimbe kama mtu angalivyotazamia. Basi tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', alimwekea mwanamke wa miaka 45 lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya jamii hiyo. Jicho likaikubali. Lakini lenzi ilikuwa na nguvu kupita kiasi, hata mwanamke yule akahitaji miwani ya dayopta 18 za kupunguza ili aone mbali. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza kabisa wa upasuaji huu mpya alikuwa na jicho zima, lenzi iliyokaa mahali pake, na macho yasiyoona vizuri. Wakubwa wa madaktari walimpinga Ridley miaka mingi. Alipewa heshima ya Sir mwaka 2000, akafariki mwaka 2001.

Siku hizi lenzi hupimwa kabla. Hupimwa urefu wa jicho na mviringo wa kioo cha mbele, ndipo hesabu ifanywe. Kipimo cha urefu kikikosewa kwa milimeta moja tu, mgonjwa hupotoka kwa dayopta mbili na nusu au zaidi. Ninyi mnaofanya kazi za hesabu mtafahamu upesi kwamba hapa kosa la tarakimu ni kosa la jicho. Upasuaji wenyewe hufanywa kwa njia mbili: ama lenzi husagwa ndani kwa mtetemo wa chombo, njia iliyobuniwa na Mmarekani Charles Kelman mwaka 1967, ama hutolewa nzima kupitia tundu dogo lisilohitaji kushonwa. Njia ya pili ni rahisi zaidi kwa gharama, nayo ikifanywa na mkono mzoefu matokeo yake hayako mbali na ya ile ya kwanza. Bei ya lenzi za plastiki nayo ilishuka sana baada ya kiwanda cha Aurolab kuanza kuzitengeneza Madurai, India, mwaka 1992. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki hospitali kama KCMC ya Moshi, CCBRT ya Dar es Salaam na ile ya Kikuyu nchini Kenya hufanya kazi hii kwa wingi, na wako pia matabibu wasio madaktari bingwa waliofundishwa upasuaji huu hasa.

Sasa nije katika swali la barua. Jicho likipasuliwa lisipoona, sababu ni moja katika nne.

Sababu ya kwanza ilikuwamo jichoni kabla ya kisu. Mtoto wa jicho ni kama pazia dirishani. Ukiliondoa, huenda chumba kilicho nyuma yake kimekwisha kuharibika. Mgonjwa aweza kuwa na glakoma, yaani presha ya jicho, iliyokwisha kula mshipa wa fahamu wa kuonea; au kisukari kimeharibu retina, ule utando wa nyuma upokeao picha; au kioo cha mbele kina makovu ya vikope. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hummulika mgonjwa kwa tochi toka pande nne akimwuliza nuru yatoka wapi, humpima presha ya jicho, tena humwambia wazi kabla ya kuanza, "Jicho hili nitalisafisha, lakini usitazamie mengi." Mgonjwa aliyeambiwa hivyo hanung'uniki. Asiyeambiwa hurudi kijijini akawatisha wenzake kumi.

Sababu ya pili ndiyo ya kisu chenyewe. Kile kifuko chembamba chaweza kupasuka upande wa nyuma, na ute wa ndani ya jicho ukasogea mbele. Kwa wapasuaji wazoefu hutokea kwa jicho moja au mawili katika mia. Kwa wanaojifunza ni zaidi. Jicho la namna hiyo halijapotea, ila litahitaji kazi ndefu, na hatari zake za baadaye huongezeka. Hapa nina neno kwa wanachama waliokaribia kustaafu. Wanaume wengi wa umri huo hutumia dawa iitwayo tamsulosini kwa ajili ya tezi dume na taabu ya mkojo. Tangu mwaka 2005 imejulikana kwamba dawa hiyo huulegeza utando wa rangi uizungukao mboni, ukapepea kama kitambaa wakati wa kupasua, na kumtia daktari katika shida asiyoitazamia. Kuiacha siku chache kabla hakutoshi kuiondoa hatari hiyo. Mwambieni daktari mapema kwamba mnaitumia, au mlipata kuitumia zamani, naye atajitayarisha. Hapana haya yo yote katika kutaja mkojo mbele ya daktari wa macho.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni usaha ndani ya jicho. Ni ya nadra, pengine hata jicho moja katika elfu halipati, lakini ikiingia yaweza kuliua jicho kwa siku mbili. Kabla ya kupasua, jicho huoshwa kwa povidoni ayodini, dawa ya bei ndogo yenye manufaa makubwa. Tena mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Ulaya juu ya wagonjwa zaidi ya 16,000: waliotiwa dawa ya sefuroksimu ndani ya jicho mwisho wa upasuaji, hatari yao ilipungua yapata mara tano. Kwa hiyo si kosa kwa mgonjwa kuuliza kwa adabu kama dawa ya namna hiyo hutiwa hapo.

Dalili za usaha kila mtu nyumbani na azijue. Siku ya kwanza jicho huwasha, hutoa machozi, na kuona ukungu kidogo; hayo si kitu, na kila siku yapaswa kupungua. Lakini jicho likianza kuuma zaidi badala ya kupoa, wekundu ukizidi, na nuru iliyopatikana ikapungua tena, hasa katika juma la kwanza, mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje tarehe iliyoandikwa katika kadi. Asingoje mshahara. Wala asitiwe maziwa, asali, maji ya majani au wanja. Nimesikia watu wakisema, "Daktari alisema tarudi Jumatatu," na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Sababu ya tatu itawachekesha, nayo ni miwani. Lenzi ya kawaida iwekwayo haiwezi kujikunja kama ile tuliyozaliwa nayo. Huona vizuri kwa umbali mmoja tu, na kwa desturi huchaguliwa umbali wa mbali. Mkulima hufurahi, maana aona shamba lake na mbuzi wake. Karani hurudi ofisini, hufungua daftari, asiweze kusoma hata mstari mmoja, naye huandika barua kwa Katibu kwamba ameharibiwa jicho. Jicho lake ni zima kabisa. Lahitaji miwani ya kusomea, ambayo siku hizi hupatikana kwa bei isiyofika nauli ya kwenda hospitali. Lililo bora ni kumwambia daktari kabla ya kipimo, "Kazi yangu ni ya kusoma na kuandika," mkashauriana juu ya umbali utakaochaguliwa. Pengine pia jeraha hukivuta kioo cha mbele kikapinda kidogo, na miwani hurekebisha hilo. Kwa sababu hiyo miwani ya kudumu hupimwa baada ya majuma kadhaa, jeraha likiisha kutulia.

Niongeze hapa habari za rangi, kwa kuwa zimewatia hofu wengine. Lenzi ya uzee ni ya manjano, na ikitolewa, dunia huonekana ya samawati kuliko ilivyokuwa. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, akalalamika sana juu ya rangi, hata akavaa miwani yenye rangi ili kuzipunguza. Wengi wetu huizoea hali hiyo upesi.

Sababu ya nne huja baadaye. Kile kifuko kilichoachwa ili kuishika lenzi mpya chaweza kuingiwa na ukungu baada ya miezi au miaka. Watu husema mtoto wa jicho amerudi. Hakurudi, wala hawezi kurudi. Kifuko hutobolewa kwa mwali wa leza kwa dakika chache, bila kisu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Tena katikati ya retina paweza kuvimba majuma machache baada ya kupasuliwa, hasa kwa wenye kisukari, nayo hutibiwa kwa matone. Na mwisho retina yaweza kubanduka, pengine baada ya miaka: mtu huona vimulimuli vya nuru, au madoa mengi yaeleayo kwa ghafula, au pazia jeusi likishuka upande mmoja. Hilo halimngoji mtu.

Kuna upasuaji mwingine wa macho utakaowahusu baadhi yetu, ule wa glakoma. Nautaja kwa kifupi ili usichanganywe na huu. Daktari hufungua njia ndogo ya kutolea maji yanayoshindilia. Kazi hiyo hailengi kurudisha nuru iliyopotea. Yalinda iliyobaki tu. Mtu aliyepasuliwa kwa glakoma akaona kama alivyoona jana amepata alichokwenda kukitafuta, ijapokuwa jirani atamwambia kwamba amedanganywa. Kovu laweza kuiziba njia ile, kwa hiyo kurudi kupimwa ni kwa maisha yote.

Sasa nisemapo haya mtaniuliza, mtu ajuaje kwamba hospitali fulani yafanya vizuri? Hapa ndipo penye kazi yetu sisi makarani. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo: katika macho mia yaliyopasuliwa, yasipungue 80 yawezayo kusoma 6/18 au vizuri zaidi kwa miwani aliyo nayo mgonjwa, na yanayobaki chini ya 6/60 yasifike matano. Maana ya 6/18 ni kwamba mgonjwa akisimama mita 6 aona kile ambacho mwenye macho mazima angekiona toka mita 18. Vipimo vingi vilivyofanywa vijijini katika nchi za Afrika vimekuta matokeo yaliyo chini ya kiwango hicho. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Shirika hilo ulikubali kwamba nchi zihesabu watu waliopasuliwa wakapata nuru njema, wala si waliopasuliwa tu.

Lakini fungueni daftari la upasuaji katika hospitali nyingi. Mtaona jina, umri, kijiji, jicho la kulia au la kushoto, tarehe, na jina la mpasuaji. Safu ya nuru baada ya kupasuliwa ama haipo, ama ipo tupu. Mwisho wa mwaka hupelekwa ripoti: macho 1,200 yamepasuliwa, tumeshukuru. Ripoti ya namna hiyo haina tofauti na ya yule mganga wa sindano. Wengine hujitetea kwamba wagonjwa hawarudi kwa sababu ya umbali wa njia. Ni kweli hawarudi, lakini uchunguzi wa nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kipimo cha siku za kwanza, kabla mgonjwa hajaondoka, chaweza kutumika kulinganisha kazi ya hospitali moja na nyingine. Mwanachama aliye karani wa hospitali aweza kupiga mstari wa safu hiyo kesho asubuhi kwa rula na kalamu, kisha akamwomba mwuguzi tarakimu. Mpasuaji mwema atafurahi, kwa maana hana njia nyingine ya kujua mkono wake ukoje.

Na mnapohesabu, hesabuni wanawake mbalimbali na wanaume. Katika nchi nyingi, na Tanzania imo, imeonekana kwamba wanawake hupungukiwa na upasuaji huu kuliko wanaume, ingawa wao ndio walio wengi kati ya wanaouhitaji. Mama hana nauli yake mwenyewe, au husema nuru iliyobaki yamtosha kupikia. Mtoto wake ana mshahara.

Limebaki swali moja nililoulizwa mlangoni: je, macho yote mawili yapasuliwe siku moja ili safari iwe moja? Kwa desturi hapana. Hupasuliwa moja, kwa kawaida lile lenye kuona vibaya zaidi, hutazamwa limeponaje na lenzi imekaaje, ndipo la pili lifuate. Maana likitokea la kutokea, mgonjwa awe bado na jicho la kumfikisha nyumbani. Mahali pengine yote mawili hufanywa siku moja, kwa vyombo na dawa mbalimbali kana kwamba ni wagonjwa wawili, lakini hilo ni la kupatana na daktari wake.

Bwana Rais, nimekwisha. Mwenye swali na aulize.